Maktaba na Simu

Maktaba ni nyumba ya vitabu, lakini si kila nyumba yenye vitabu ni maktaba. Ghala la mwuza vitabu lina maelfu ya vitabu, wala haliitwi maktaba. Tajiri aweza kujaza kabati za sebule yake vitabu vyenye majalada ya ngozi, kisha akazifunga kwa ufunguo; kabati hizo ni pambo. Nyumba ya vitabu huwa maktaba ya umma siku ile mlango wake unapofunguliwa kwa kila mtu, mwenye mali na asiye nayo, aingie, aulize, ajibiwe, asome, aazime na kurudisha. Kwa hiyo mtu anayetaka kuihukumu maktaba ya umma yampasa autazame mlango kwanza, ndipo azitazame rafu.

Nasema hivi kwa kuwa uko usemi uliozagaa siku hizi, hasa katika vinywa vya vijana, kwamba maktaba imepitwa na wakati. Wenye usemi huo hutoa hoja fupi: kila kilichomo maktabani kimo katika simu. Husema, ya nini kupanda matatu kwenda mjini kutafuta kitabu kilichochakaa, hali jibu limo mfukoni? Hoja hii si ya kuchekwa. Ina ukweli ndani yake, na mtu mwenye haki huanza kwa kumpa mpinzani wake kilicho chake. Nia ya insha hii ni kuupima usemi huo, kupokea kilicho kweli na kukataa kisicho kweli.

Tuanze basi na haki ya simu. Simu imefupisha safari ya elimu. Mwanafunzi wa Lodwar aweza kusoma asubuhi habari zile zile anazosoma mwenzake wa Nairobi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina makala makumi ya maelfu yaliyoandikwa na watu wa kujitolea, wala msomaji halipi ada kwa mwandishi. Hata mambo ya kale yamesogea karibu. Chukua mfano wa Muyaka wa Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa wa karne ya 19. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu hata Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipoyakusanya, akisaidiana na mmisionari William Taylor. Karatasi hizo zilivuka bahari, na diwani ya Muyaka ikapigwa chapa mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mshairi kufariki. Zamani mtoto wa Mombasa aliyetaka kuona miswada ya kale ya pwani yake ilimlazimu afunge safari mpaka London. Leo chuo cha SOAS cha huko London kimetia picha za miswada mingi ya Kiswahili katika intaneti. Hii ni neema, na anayeikana hatendi haki.

Haki ya simu tumekwisha kuitoa. Sasa tuulize swali la pili: neema hii yamfikia nani?

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba, katika watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi. Waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu, na waliotumia kompyuta asilimia 10.4. Hapana shaka idadi hiyo imeongezeka tangu hapo, lakini tazama jinsi hesabu zinavyoteremka. Kuwa na simu ni jambo moja, kuitumia kusoma ni jingine. Miezi michache baada ya sensa hiyo, Machi 2020, shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hata Januari 2021. Masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na intaneti. Aliyekuwa na kompyuta na umeme aliendelea na masomo. Asiyekuwa navyo alichunga mbuzi, akangoja. Hakuwa mvivu kuliko mwenzake, wala akili yake haikuwa nzito. Mlango tu ndio uliokuwa umefungwa mbele yake.

Historia ya nchi yetu yatufundisha kwamba mlango wa maktaba si jambo dogo. Katikati ya Nairobi lipo jengo la Maktaba ya McMillan, lenye nguzo kubwa mbele na sanamu za simba wawili. Lilifunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa tajiri William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925. Vitabu vilikuwamo, rafu zilikuwamo, utulivu ulikuwamo. Lakini kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuingia kusoma. Mwaka 1962 maktaba hiyo ilikabidhiwa Baraza la Jiji la Nairobi. Rangi ya ngozi ilikuwa kufuli, na kufuli hiyo imevunjwa.

Lakini ziko kufuli nyingine zisizoonekana kwa macho. Bei ya data ni kufuli. Msomaji wa simu hununua njia ya kusomea kila siku. Kifurushi kikiisha katikati ya ukurasa, ukurasa hufungwa. Kitabu cha maktaba hakiishi kwa njia hiyo. Kikishaazimwa, hukaa mkononi mwa msomaji usiku na mchana, hata siku ambayo hana senti. Lugha nayo ni kufuli, kwa maana sehemu kubwa ya yaliyomo katika intaneti imeandikwa kwa lugha za kigeni, na msomaji wa Kiswahili hubaki kuokota makombo chini ya meza. Kwa hiyo usemi kwamba kila kitu kimo mfukoni ni kweli kwa yule ambaye mfuko wake una kitu. Maktaba ya umma ilibuniwa kwa ajili ya yule mwingine.

Swali la tatu ni la kumiliki. Anayenunua kitabu cha karatasi hukimiliki; aweza kumrithisha mwanawe. Anayenunua kitabu cha kusomwa katika mashine aghalabu hununua ruhusa tu. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika mashine za wateja walioisha kuvilipia, kwa sababu ilibainika kwamba aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha zao, lakini vitabu vilitoweka nyumbani mwao bila mtu kubisha hodi. Kimoja kilikuwa hadithi ile ambayo wasomaji wa Kiswahili waijua kwa jina la Shamba la Wanyama. Muuzaji wa karatasi hawezi kuingia chumbani mwako usiku akakitwaa kitabu chake. Kijana anayedhani kwamba simu yake ni maktaba yake na afikiri neno hili.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba karatasi ni salama na mashine si salama. Vyote viwili vina adui. Aprili 2021 moto ulioanzia katika miteremko ya Mlima wa Table uliteketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na vitabu vingi vya mkusanyo wa taaluma za Afrika viliungua. Katika msiba kama huo, kitabu kilichokuwa kimepigwa picha na kuwekwa katika kompyuta huokoka angalau kwa sura. Oktoba 2023 mambo yaligeuka. Wahalifu wa kompyuta waliishambulia British Library ya London, mojawapo ya maktaba kubwa kabisa duniani. Vitabu havikuungua. Mamilioni yalibaki katika rafu zake. Lakini orodha ya vitabu ilikuwa katika kompyuta, na wasomaji hawakuweza kuitumia hata Januari 2024. Kitabu kilikuwapo, na mtu asijue namna ya kukiagiza. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo mali nyingi ilikaa bila daftari. Funzo la visa hivi viwili ni moja: hekima haichagui kati ya karatasi na mashine, bali huweka akiba pande zote mbili. Na mwenye kazi ya kuweka akiba ya watu wote ni maktaba.

Swali la nne ni la uongozi. Wako wasemao kwamba simu ina majibu mengi kuliko maktaba. Ni kweli, na hapo ndipo penye shida. Penye miti hapana wajenzi. Mwanafunzi akiandika swali moja katika simu huletewa kurasa maelfu: ya daktari, ya mganga tapeli, ya mwanahistoria, na ya mtu aliyekaa kitandani akatunga uongo, zote zimevaa nguo moja. Siku hizi ziko pia programu za akili unde zinazoandika jibu zima kwa lugha fasaha. Faida yake ni kubwa, lakini mara nyingine programu hizo hutaja majina ya vitabu ambavyo havikuandikwa kamwe, na huyataja bila kusita. Ufasaha si ushahidi. Anayetaka kujua kama kitabu fulani kipo hana budi kutafuta orodha iliyopangwa na mtu mwaminifu, na mtu huyo kazi yake yaitwa ukutubi.

Mkutubi mwema si mlinzi wa vitabu. Ni mtu anayejua kwamba yuko mtoto anayeuliza habari za nyuki kwa sababu ya mtihani, na yuko mkulima anayeuliza habari za nyuki kwa sababu mizinga yake imehamwa. Swali ni moja, vitabu ni viwili. Simu hukumbuka ulichopenda jana, ikakuletea kinachofanana nacho leo na kesho, mpaka ukazoea kisima kimoja ukidhani ni dunia. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Rafu ya maktaba haikujui wala haikubembelezi. Unakwenda kutafuta kitabu cha hesabu, jicho laangukia safari za Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na siku yako yageuka.

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba naitetea maktaba kwa kila hali. Sivyo. Tahakiki inayomsifu mmoja na kumlaumu mwingine tu ni upendeleo. Usemi kwamba maktaba imepitwa na wakati haukuzaliwa na simu peke yake. Umezaliwa pia na maktaba zenyewe.

Ingia katika maktaba nyingi za miji yetu siku za kukaribia mtihani. Viti vimejaa, na vijana wengine wamekaa sakafuni. Mtu angesema, tazama jinsi watu wetu wapendavyo vitabu! Lakini chungulia mezani. Wengi wamefungua daftari walilotoka nalo nyumbani, au kitabu cha shule. Vitabu vya rafuni vimekaa kama wageni waliokaribishwa nyumbani wasisemeshwe na mtu. Siwalaumu vijana hao. Nyumba nyingi hazina meza, taa wala utulivu, na kuwapa vijana mahali pa kusomea ni huduma ya kweli. Lakini ikiwa maktaba haitoi zaidi ya kiti na ukimya, basi ukumbi wowote mtupu wafaa kuwa maktaba, na wale wanaotuambia kwamba vitabu vyake havihitajiki watakuwa wamepata ushahidi wao.

Kosa la pili ni kuvitunza vitabu kwa namna ya kuvificha. Katika mwaka 1931, mwaka ule ule McMillan ilipofunguliwa, mkutubi mmoja wa Madras nchini India, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni tano za kazi ya maktaba. Ya kwanza yafundisha kwamba vitabu vipo ili vitumiwe, na ya mwisho kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua. Kanuni hizo zimekwisha kupita miaka tisini, lakini zapima maktaba zetu vizuri kuliko vipimo vingi vya kisasa. Kabati lililofungwa kwa kuogopa kwamba watoto watachafua vitabu lapinga kanuni ya kwanza. Rafu ambayo kitabu chake kipya kabisa kina umri kuliko msomaji yapinga kanuni ya mwisho. Na ada ya mlangoni, hata ikiwa ni shilingi ishirini, humrudisha njiani yule mtoto ambaye maktaba ilijengwa kwa ajili yake.

Kosa la tatu ni la wenye madaraka. Sheria ya mwaka 1965 iliunda shirika la huduma ya maktaba ya taifa. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikazikabidhi serikali za kaunti kazi ya maktaba. Asomaye Jedwali la Nne la Katiba hiyo ataikuta maktaba katika fungu moja na kamari, leseni za pombe, sinema na makumbusho. Kamari na pombe huleta ushuru, maktaba haileti. Haihitaji mpiga ramli kujua ni kipi kitakumbukwa kwanza siku ya kugawa fedha. Wananchi wakinyamaza, maktaba itakufa, na kifo chake kitaandikwa kwa jina la simu, ingawa aliyeua ni mwingine.

Je, yako matumaini? Yako, wala si ya ndoto. Kabla ya uhuru, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha vitabu kwa posta. Huko Garissa, ngamia wamebeba masanduku ya vitabu na hema kuwafuata wafugaji na watoto wao walikohamia. Mambo haya yatuonyesha kwamba maktaba haikuwa jengo tu hata siku moja. Ilipoonekana kwamba msomaji hawezi kuja, maktaba ilimwendea, kwa sanduku, kwa posta, kwa ngamia. Basi kwa nini isimwendee kwa intaneti?

Wako walioanza. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, likashirikiana na Kaunti ya Nairobi kuzifufua maktaba za Kaloleni na Makadara pamoja na McMillan yenyewe. Walitengeneza paa na viti, na zaidi ya hayo waliwauliza wakazi wanataka maktaba ya namna gani, wakaanza pia kutia katika kompyuta picha na magazeti ya kale yaliyokuwa yakila vumbi. Huko Kibera, maktaba ya umma imewafundishia watoto kwa kompyuta ndogo za kushika mkononi, ambazo wazazi wao wasingeweza kuzinunua. Hapo simu na maktaba si maadui. Mashine imepata mlango, na mlango umepata mashine.

Basi hukumu yangu ni hii. Usemi kwamba maktaba imepitwa na wakati ni kweli kwa maktaba iliyo ghala, iliyofungwa, isiyonunua, isiyouliza. Maktaba ya namna hiyo ilikuwa imepitwa na wakati hata kabla ya simu kuzaliwa. Lakini usemi huo si kweli kwa maktaba iliyo mlango. Kadiri elimu inavyohamia katika mashine, ndivyo asiye na mashine anavyozidi kuachwa nje, na ndivyo mlango wa umma unavyozidi kuhitajiwa. Simu haikuiondolea maktaba kazi, bali imeiongezea: kumpa asiye na data njia ya kuifikia data, kumfundisha mwenye data kutenga kweli na uongo, na kuihifadhi kumbukumbu ya mahali, yaani mashairi, picha, magazeti na sauti za wazee wa wilaya yake, ambayo hakuna kampuni ya ng'ambo itakayoona faida ya kuyahifadhi.

Nanyi mnaosoma insha hii shuleni msiipokee hukumu yangu kwa kuwa imepigwa chapa. Nendeni katika maktaba iliyo karibu nanyi, mkaipime kwa maswali manne. Je, mtoto asiye na senti aweza kuingia? Je, kiko kitabu kilichonunuliwa mwaka huu, na kiko cha Kiswahili? Je, mkutubi aliulizwa akajibu, au alinyoosha kidole tu? Je, mna jambo lolote juu ya mji wenu ambalo hamwezi kulipata mahali pengine duniani? Majibu yakiwa mabaya, msiseme kwamba maktaba imepitwa na wakati. Andikeni barua kwa kaunti yenu, mtaje jina la maktaba na upungufu mliouona. Kuuliza si ujinga, na mlango wa umma haufungwi kwa urahisi pale ambapo watu wake huubisha kila siku.